Bunduki ya mwalimu haitafungua shule za Basuba

Kila shule inaposhambuliwa nchini, haichukui wiki kabla mtu hajasema: wapeni walimu mafunzo na bunduki wajilinde. Barazani neno hili husemwa kwa hasira, na wanasiasa hulisema kwa sababu halina gharama kulisema. Lakini wako walimu wanaolisema kwa hofu ya kweli, na hao si wa kuchekwa. Mtu aliyepangiwa kazi mahali ambapo wenzake walizikwa ana haki ya kuuliza nani atamlinda.

Kwa hivyo tulitazame jambo lenyewe. Na tuanze na swali ambalo wanaotaka bunduki hawaliulizi: walimu wetu waliuawa wapi, na saa ngapi?

Novemba 2014, karibu na Mandera, basi lilisimamishwa asubuhi na abiria 28 wakauawa. Wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakienda likizo. Hao walikufa barabarani. Februari 2018 huko Qarsa, Wajir, walimu walivamiwa kwenye nyumba zao usiku. Oktoba mwaka huohuo huko Arabia, Mandera, walimu wawili waliuawa wakiwa wamelala. Januari 2020 ikawa zamu ya Kamuthe, Garissa: walimu watatu, tena usiku, tena kwenye makazi yao. Hata Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, washambuliaji waliingia alfajiri na kuwafuata wanafunzi mabwenini. Watu 148 walikufa.

Tazama orodha hiyo vizuri. Hakuna hata mmoja kati ya walimu hao aliyeuawa akiwa ubaoni na chaki mkononi. Bastola iliyofungiwa kwenye kabati la mwalimu mkuu ingemsaidia nani ndani ya basi? Na mtu aliyeamshwa saa nane za usiku na mlipuko mlangoni, hata akiwa na bunduki chini ya mto, atapambana na kundi lililokuja limejipanga, lenye bunduki za rashasha, linalojua anakolala?

Huku kwetu Lamu hali iko hivyohivyo. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, yaliyoua zaidi ya watu 60, hatari kubwa kwa anayesafiri kuelekea Boni imekuwa ni kilipuzi kilichotegwa njiani. Magari ya wanajeshi wenyewe, ya chuma kizito, yamelipuliwa katika njia hizo. Kilipuzi hakijali kama abiria amebeba kalamu au bunduki.

Wanaotetea wazo hili hutolea mfano nchi za nje, na ni haki yao. Ila mfano usimuliwe wote. Baada ya shule ya jeshi ya Peshawar, Pakistan, kushambuliwa Desemba 2014 na zaidi ya watu 140 kuuawa, wengi wao watoto, serikali ya jimbo la Khyber Pakhtunkhwa iliruhusu walimu kubeba silaha shuleni. Polisi wakawafundisha kulenga shabaha, wanawake na wanaume. Mwaka uliofuata, huko Swat, mwalimu aliyekuwa akisafisha bunduki yake alimpiga risasi mwanafunzi wa miaka 12 kwa bahati mbaya, akamuua. Kisha Januari 2016 Chuo Kikuu cha Bacha Khan kikavamiwa. Mhadhiri wa kemia, Syed Hamid Hussain, aliwafyatulia washambuliaji bastola yake ili wanafunzi wapate kukimbia. Alikufa, na waliookoka wakasimulia ushujaa wake. Huo ndio mfano bora kabisa ambao upande huo unao, nami siudharau. Lakini hata siku hiyo watu wapatao 20 waliuawa.

Kusini mwa Thailand, kwenye majimbo ya Waislamu wa Kimalay, walimu wamekuwa wakiuawa tangu 2004. Wanaohesabiwa ni zaidi ya 150. Serikali iliwaruhusu kubeba bunduki na kuwapa wanajeshi wa kuwasindikiza. Mauaji hayakukoma. Mwalimu aliyeongozana na mwanajeshi alizidi kuonekana kuwa mtu wa serikali, na mtu wa serikali ndiye anayewindwa.

Ama Marekani, inatosha kutaja Uvalde, Texas, Mei 2022. Askari karibu 400 wenye mafunzo na silaha kamili walifika, na ikachukua zaidi ya saa nzima kabla ya kuingia darasani. Watoto 19 na walimu wawili walikufa. Kama mtu aliyesomea kazi hiyo husita mlangoni, tunataka mwalimu wa Kiswahili na Sayansi afanye nini baada ya mafunzo ya wiki mbili?

Hapa Pwani kuna jambo jingine ambalo watu wa Nairobi hawalioni. Uhusiano wetu na bunduki ya serikali si wa kawaida. Tumeona vijana wakichukuliwa wasirudi. Tumeona mwaka 2014 askari wakiingia misikitini Mombasa. Mzazi wa Majengo au wa Pate anayempeleka mwanawe shule kwa moyo mzito, akihofia kwamba huko atahesabiwa mtuhumiwa kabla hajahesabiwa mwanafunzi, atasema nini akimwona mwalimu na bastola kiunoni? Mara moja mwalimu atakuwa jasusi. Yatasemwa madukani na mitumbwini, na hakuna atakayeweza kuyafuta. Kisha tuulize: kama mwalimu wa shule atapewa, ustadhi wa madrasa naye atapewa? Watoto ni walewale, asubuhi huku na alasiri kule. Sote tunalijua jibu, na jibu hilo lenyewe ni fitina.

Tena tusisahau kwamba silaha ni mali inayotafutwa. Shule yenye bunduki mbili na risasi, kilomita nyingi kutoka kambi ya karibu, ni ghala lisilo na mlinzi. Anayezitaka atakuja kuzichukua.

Na kiboko? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilikipiga marufuku, na kila mzazi anajua kama kimetoka shuleni au la. Sisemi walimu wetu ni watu wabaya. Nasema darasa lina watoto 60, lina joto, lina mshahara uliochelewa na kijana jeuri wa kidato cha tatu anayetukana. Mahali kama hapo hapatakiwi kitu cha kufyatuliwa.

Hatari iliyowaua watoto wa shule wa Pwani kwa wingi, kwa kweli, haikuja na bunduki. Mwaka 1998 wasichana 26 wa Bombolulu waliteketea bwenini. Septemba 2024 wavulana 21 waliungua huko Endarasha, Nyeri. Kati ya miaka hiyo miwili kuna Kyanguli, 67. Vyuma vya madirishani, milango iliyofungwa, vitanda vilivyobanana. Pesa za kufundisha mwalimu kulenga shabaha zingetoa mlango wa pili kwenye bweni.

Basi mwalimu wa Boni alindwe vipi? Zile shule tano za Basuba, yaani Basuba, Milimani, Mangai, Mararani na Kiangwe, zilifungwa baada ya 2014. Kwa miaka kadhaa watoto walisafirishwa kwa ndege za jeshi mpaka bweni la Mokowe. Mtoto mdogo wa Kiboni kutenganishwa na mamake ili ajifunze kusoma: tulilizoea jambo hili upesi mno. Aliyekuwa darasa la kwanza wakati ule leo ametimiza umri wa kitambulisho.

Askari wa akiba wapo kisheria, chini ya Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011. Waajiriwe vijana wa vijiji hivyohivyo, wanaojua njia za msitu na kutambua nyayo za mgeni, walipwe mshahara badala ya kusifiwa tu, na walale karibu na nyumba za walimu, kwa sababu mauaji huja usiku. Nyumba hizo ziwe ndani ya uzio mmoja na kituo chao, si pembezoni mwa kijiji. Mwalimu asafiri kwa boti au kwa ndege panapowezekana, wala siku ya safari yake isitangazwe. Na kaunti pamoja na TSC wasomeshe Waboni wenyewe ualimu, hata kwa kulegeza alama za kuingia chuoni, maana baada ya Kamuthe tuliona yanayotokea: walimu wasio wenyeji walihamishwa kutoka kaskazini mashariki, madarasa yakabaki na vijana waliomaliza kidato cha nne juzi.

Hili la mwisho litachukua miaka mitano au sita kabla halijazaa walimu wa kutosha shule tano. Bunduki ingegawiwa wiki moja, na picha yake ingetoka magazetini. Mbunge au mwakilishi wa wadi atakayekuja kuomba kura Kiunga au Faza na aulizwe ni wanafunzi wangapi wa Kiboni wako vyuo vya ualimu mwaka huu, na nani anawalipia karo.