Mchanga Hauna Kosa

Naandika haya nikijua kwamba baadhi ya wenzangu wa uwanjani watanuna. Na wanune. Kwa miaka mingi nimewasikia wakiulaani mchanga: mara ni mzito, mara umelowa, mara aliyechimba banka lile alikuwa na chuki na binadamu. Mimi nasema mchanga hauna kosa. Kosa ni letu sisi wacheza gofu tusiotaka kuingia humo kujifunza.

Njoo klabuni kwetu jioni utazame. Pale pa mipigo mirefu watu wamejipanga, kila mmoja ataka mpira wake upae hadi uonekane kama punje. Banka la mazoezi liko pembeni, limeota majani. Kwa nini? Kwa sababu mpigo mrefu hushangiliwa, na mchangani mtu huonekana mjinga. Wahenga walinena: mficha uchi hazai.

Najua ninalolisema, maana nami nilificha. Siku moja nilipiga mara tatu ndani ya banka, mpira haukutoka. Nikatazama huku na huku, nikauokota, nikaurusha kwenye nyasi pamoja na konzi ya mchanga ili ionekane nimeupiga. Kwenye kadi nikaandika mpigo mmoja. Kijana aliyenibebea fimbo alikuwa amesimama juu, reki mkononi. Hakusema neno. Alishuka akazisawazisha nyayo zangu polepole, kama mtu afunikaye aibu ya mzazi wake.

Kesho yake nilimwendea. "Mwanangu, nifundishe."

"Mzee," akasema, "usiupige mpira. Piga mchanga."

Alichora mstari, akanitaka niupige mstari ule bila mpira, hadi mchanga uruke kutoka palepale kila mara. Ndipo akaweka mpira sentimita 5 mbele yake. Mchanga ndio uubebao mpira, na fimbo yenyewe imeundwa kwa kazi hiyo. Mmarekani Gene Sarazen aliiongezea chuma upande wa chini ili iteleze mchangani badala ya kuchimba, na mwaka 1932 akaitumia kushinda Mashindano ya Wazi ya Uingereza.

Wapo watakaonijibu: mbona Thomas Bjørn, mchezaji wa kulipwa, mwaka 2003 kule Sandwich, akiongoza kwa mipigo miwili na mashimo matatu yamebaki, mpira ulimrudia bankani mara mbili, akakosa taji kwa mpigo mmoja? Mazoezi yalimfaa nini? Nawajibu: yalimfaa kusimama mbele ya ulimwengu, akapiga tena, akahesabu yote. Sisi hatuna hata mtazamaji mmoja, na bado tunadanganya.

Wengine watasema kanuni za 2019 zinamruhusu mchezaji kuutoa mpira nje ya banka. Ndiyo, kwa adhabu ya mipigo miwili. Asiyetaka kujifunza na alipe, lakini alipe kwenye kadi.

Na jambo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Kijana yule alijifunza kwa fimbo kuukuu, alfajiri, kabla ya sisi kufika, kwa kuwa saa zetu haruhusiwi kupiga. Banka tunalolikimbia sisi, yeye analinyimwa. Basi, ikiwa hatulitaki, tumwachie.

Siku hizi mpira ukikataa kutoka, nahesabu kwa sauti, ili asikie.