Timu 14 si aibu

Matokeo yametoka juzi, nimekula sapu mbili, na hapa room wameshaanza kuniita mzee wa kudisko. Sawa tu. Ila nimemkumbuka Edwin Jackson, mrushaji wa besiboli kule Marekani.

Jamaa alianza na Dodgers mwaka 2003, siku anatimiza miaka 20. Mpaka 2019 alishachezea timu 14 za ligi kuu, rekodi ambayo Rich Hill aliifikia 2025. Kashinda mechi 107, kapoteza 133. Watu wanasema garasa. Mi nakataa! Timu ya 14 haikuchukui kwa huruma. Tena Juni 25, 2010, akiwa Arizona, alirusha mipira 149, akaachia wanane waende kituoni bure, lakini hakuna mpigaji wa Tampa Bay aliyepata pigo safi hata moja. Mwaka 2011 akabeba ubingwa na St. Louis.

Ndo maana nasema, anayeanguka halafu akaitwa tena si wa kuchekwa. Na sapu ni kuitwa tena, jamani. Naingia kusoma, tuonane Septemba.