Safari Isiishie Mwanza

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mkazi wa Mwanza hana tena kisingizio cha foleni ya kivuko. Hata hivyo, mwisho wa juma bado anaishia fukwe za jirani, badala ya kuvuka daraja kwenda Biharamulo na Ngara.

Biharamulo, kweli, ilipoteza ufukwe wake: Nyamirembe, bandari ya Ziwa Victoria, ilikwenda na Wilaya ya Chato. Imebaki na boma la Wajerumani na, jirani, Ziwa Burigi lenye viboko, ndani ya hifadhi ya taifa tangu 2019.

Ngara ina maporomoko ya Rusumo. Mto Ruvuvu unaingia Mto Kagera, kisha maji yenye rangi ya udongo yanaporomoka karibu na daraja la mpakani, malori yakivuka kwenda Rwanda. Nani amemwambia mgeni?

Halmashauri zianze na vibao vya njia, vyoo safi, na bei zilizoandikwa ukutani.