Mnaotaka kufanya biashara Burundi, anzieni Kasulu

Kuna mshkaji wa kozi ya biashara hapa chuoni kapewa kazi ya darasani: aandike maelezo ya awali kuhusu nchi moja changa ya Afrika isiyo na bahari, kwa ajili ya makampuni yanayofikiria kwenda huko. Kachagua Burundi. Akaniletea nisome kwa sababu natoka Kibondo (watu wa hapa wakisikia Kibondo wanadhani ndo Burundi yenyewe, tumeshazoea). Kazi haikuwa mbaya, ila ilikuwa kama imeandikwa na mtu anayepita juu kwa ndege. Kwa hiyo leo naandika ya kwangu, kutokea huku mpakani.

Kwanza hilo neno "changa". Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, Tanganyika 9 Desemba 1961. Yaani tumewazidi miezi saba hivi, basi! Na kabla Mjerumani hajafika walikuwa na ufalme wao kamili wenye mwami, kama sisi Waha tulivyokuwa na watemi wetu wa Heru kule Kasulu na Muhambwe huku Kibondo. Kilicho kichanga Burundi ni watu wenyewe: karibu nusu ya wananchi hawajafika miaka 18. Na wamebanana kwelikweli. Nchi nzima ni kilomita za mraba 27,834, ndogo kuliko mkoa wa Kigoma, lakini sisi kwenye sensa ya 2022 tulikuwa milioni 2.47 na wao wameshapita milioni 12. Mfanyabiashara mwenye akili hapo anaona nini? Midomo ya kula, miguu ya kuvaa viatu, paa za kuezekwa.

Habari ya kukosa bahari nayo si ngeni. Chumvi ya Uvinza ilikuwa inapelekwa Burundi kabla ya mkoloni. Wabelgiji walipokabidhiwa Burundi baada ya vita ya kwanza ya dunia walijua watakwama bila bandari, ndo maana 1921 wakakubaliana na Waingereza wapewe maeneo yao Kigoma na Dar es Salaam. Mpaka leo mizigo mingi ya Burundi inapitia Dar. Na tangu Januari 2024 walipofunga mpaka wao na Rwanda, upande wetu ukawa na uzito zaidi.

Sasa hapa ndo nina ugomvi na sisi wenyewe. Mtu wa Kibondo au Kasulu ukimtajia Burundi anawaza kambi. Si kosa lake, tumekua tukiona hivyo: waliokimbia 1972, waliokimbia 1993 baada ya Rais Ndadaye kuuawa, na wimbi la 2015. Mtabila, Nduta, Mtendeli, Nyarugusu, haya majina tumeyajua kabla ya kujua makao makuu ya nchi za jirani. Lakini waulizeni mama zetu wauza unga na mawese nani alikuwa mteja wao. Masoko ya pamoja ya kambini yalipofungwa mwishoni mwa miaka ya 2010, hawakuumia wakimbizi peke yao, hata sisi tuliona mzunguko wa pesa ukikata. Kwa maoni yangu ule ulikuwa uamuzi mbaya. Tulimfukuza mteja halafu tukalalamika biashara ngumu.

Wakati sisi tunawaona kama watu wa kuhurumiwa, kampuni ya Kirundi, Itracom, imekuja kujenga kiwanda cha mbolea Nala, Dodoma. Dodoma jamani! Na CRDB wao waliiona Burundi mapema, walifungua benki huko tangu 2012.

Simaanishi ni pepo. Anayekwenda ajue mambo ya faranga. Mei 2023 Benki Kuu yao iliishusha thamani kwa mkupuo, na mwezi uliofuata wakatangaza noti za 5,000 na 10,000 zirudishwe benki ndani ya siku kumi. Mwenye kufungia faranga kwenye khanga kaumia. Dola ni adimu, bei ya benki na ya mtaani zimeachana mbali, na tangu 2021 mafuta yamekuwa yakikosekana mara kwa mara. Kwa hiyo usikopeshe kwa faranga ukategemea kulipwa baada ya miezi mitatu, utalia.

Mdogo mdogo nao wana njia. Burundi iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na mzigo usiozidi dola 2,000, ukiwa bidhaa ya Afrika Mashariki iliyo kwenye orodha, unapewa cheti rahisi cha uasilia palepale mpakani na hautozwi ushuru wa forodha. Wangapi Mabamba au Manyovu wanalijua hili? Wengi bado wanapita porini usiku na gunia la maharage kichwani.

Halafu lugha. Kiha na Kirundi tunasikilizana bila mkalimani, inka ni inka pande zote mbili. Mtu wa Dar atatafuta mtafsiri, wewe wa Heru Juu unapatana bei mwenyewe. Ila mikataba na karatasi za serikali zao nyingi ni Kifaransa, na shule nyingi za kwetu hakifundishwi kabisa. Mimi nasomea ualimu, na kama kuna mahali Tanzania Kifaransa kingelipa ni sekondari za Kibondo na Kasulu.

Badala yake Kiha chetu kinatuponza. Mimi nimeshateremshwa kwenye basi kizuizini nikaulizwa babu yangu kazaliwa wapi, kisa nimepokea simu ya mama kwa Kiha. Kijana akifanyiwa hivyo mara mbili anaanza kujificha lugha, na ndo mtaji wenyewe huo.

Lami ya Kabingo–Kibondo–Kasulu–Manyovu imetufikia, na mkataba wa reli ya Uvinza hadi Musongati ulisainiwa Januari 2025. Malori yatapita, hilo halina ubishi. Ninachotaka kujua ni nani wa kwetu atakuwa na mzigo ndani yake. Waha mlioko vyuo vingine, mnaonaje? Mimi naenda kufua.