Nyongeza ya sarafu ya dhahabu: ulipe kiasi gani?

Safu hii imepokea barua kutoka kwa mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge jijini Mwanza. Ameuza kiwanja, na sehemu ya fedha hizo hataki iingie katika mzunguko wa duka kwa sababu ni ada ya wanawe wawili, itakayohitajika baada ya miaka minne. Anasafiri kwenda Dubai kuchukua mzigo, na ameamua kurudi na sarafu tatu za dhahabu za wakia moja moja. Duka moja la huko limemwambia Krugerrand ya Afrika Kusini ni asilimia 4 juu ya bei ya soko. Duka la pili linauza Maple Leaf ya Kanada kwa asilimia 7. Anauliza: "Ya kwanza ndiyo rahisi, au kuna jambo silioni?"

Lipo jambo asiloliona, tena si moja. Hata hivyo tunampongeza kwa kuuliza kabla ya kulipa. Barua nyingi za namna hii hutufikia fedha zikiwa zimekwishatoka.

Tuanze na hiyo inayoitwa bei ya soko. Bei ya papo kwa papo inayotangazwa kila siku ni bei ya wakubwa. Mnada wa London hufanyika mara mbili kwa siku ya kazi, saa 4:30 asubuhi na saa 9 alasiri kwa saa za kule, na dhahabu inayohusika ni matofali ya wakia 400 hivi, yaani kilo 12 na nusu kila moja. Hakuna mwenye duka anayeweza kukuuzia wakia moja kwa bei hiyo. Kuna aliyeyeyusha, aliyepiga chapa, aliyekatia bima na aliyesafirisha. Gharama zote hizo, pamoja na faida ya muuzaji, ndizo nyongeza tunayoizungumzia.

Je, nyongeza ya haki ni kiasi gani? Ukitaka kipimo, tazama wanachotoza watengenezaji wenyewe. Kiwanda cha sarafu cha serikali ya Marekani kwa miaka mingi kimewauzia mawakala wake wakubwa sarafu ya Eagle ya wakia moja kwa nyongeza ya asilimia 3, ya nusu wakia asilimia 5, ya robo asilimia 7, na ya sehemu moja ya kumi asilimia 9. Hiyo ni bei ya jumla kwa wakala, kabla mwenye duka hajaweka chake. Karibu na kwetu, Benki Kuu ya Zimbabwe ilipoanza kuuza sarafu yake ya Mosi-oa-Tunya tarehe 25 Julai 2022, iliweka asilimia 5 juu ya bei ya dunia kufidia gharama za utengenezaji, na sarafu ya kwanza ikatoka kwa dola 1,823.80. Nchi inayochimba dhahabu yake yenyewe ilitoza asilimia 5. Kwa hiyo mtu anayekuambia anauza sarafu mpya kwa bei ya soko bila senti ya juu, muulize anaishi kwa nini.

Jibu la swali hilo mara nyingi limo katika mizani. Krugerrand ni ya karati 22. Ina uzito wa gramu 33.93, lakini dhahabu safi iliyomo ni gramu 31.1, yaani wakia moja kamili ya kimataifa. Kilichobaki ni shaba ya kuikaza isichakae. Sasa tuchukue bei ya dola 4,000 kwa wakia ili hesabu iwe nyepesi (bei halisi ilivuka hapo kwa mara ya kwanza Oktoba 2025). Gramu ya dhahabu safi inakuwa dola 128.60. Mjanja huiweka Krugerrand kwenye mizani mbele yako, husoma 33.93, huzidisha kwa 128.60 na kusema dola 4,363, "bei ya dunia, dada yangu, nyongeza hakuna." Amekutoza asilimia 9 na wewe unamshukuru. Siku ya kununua kwako, sonara huyo huyo atakumbuka vizuri kabisa kwamba ni karati 22, na atakata tena kidogo kwa ajili ya upotevu wa kuyeyusha.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kuuliza gramu za dhahabu safi. Uzito wa sarafu nzima hauna kazi. Pauni ya Kiingereza, ile ambayo bibi zetu wa pwani waliivaa kama kidani, ina uzito wa gramu 7.98 na dhahabu safi gramu 7.32. Kwa bei yetu ya mfano, dhahabu iliyomo ni dola 942. Ukiambiwa 1,017, nyongeza ni asilimia 8. Ukiambiwa 1,100, rudisha mkoba kwapani. Na kama pauni hiyo imetiwa kikuku cha kutundikia, si sarafu tena kwa mnunuzi makini, ni pambo. Ilipe kwa gramu tu.

Turudi Dubai. Umoja wa Falme za Kiarabu ulianza kutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 Januari 2018. Dhahabu ya uwekezaji hutozwa sifuri, lakini sheria inataka iwe na usafi wa asilimia 99 au zaidi. Maple Leaf inapita, kwani usafi wake ni 999.9 kwa elfu. Krugerrand, pauni ya Kiingereza na Eagle ya Marekani hazipiti, ingawa kila moja ina dhahabu yake yote iliyoahidiwa. Duka la kwanza lilimwambia mama yetu asilimia 4 na halikutaja kodi. Dola 4,160 ukiongeza asilimia 5 ni dola 4,368. Nyongeza yake ya kweli ni asilimia 9.2. Maple Leaf ya asilimia 7 ni dola 4,280. Ile "rahisi" ni ghali kwa dola 88 kila sarafu, na kwa sarafu tatu ni dola 264. Ni kweli mgeni anaweza kudai kodi akiondoka, lakini harudishiwi yote, na foleni ya uwanja wa ndege hulijua hilo kila mwenye mizigo.

Je, basi achukue Maple Leaf? Kwa asilimia 7, tunasema hapana.

Hapa ndipo wengi wanapotupinga, na hoja yao si ya kipuuzi. Wanasema nyongeza haipotei, kwa kuwa siku ya kuuza nawe utaipata kutoka kwa mnunuzi mwingine. Huenda ikawa hivyo London, mahali penye maduka kumi yanayogombea sarafu moja. Mwanza au Kariakoo mnunuzi wako ni sonara anayetaka kutengeneza bangili. Jani la maple lililochorwa na Wakanada halimhusu. Atalipa gramu, tena kwa bei yake. Nyongeza uliyoilipa Deira inaishia Deira.

Mwandishi wa safu hii anasema hayo kwa uchungu kidogo. Aprili 2020, wakati wa korona, viwanda vikubwa vya kusafishia dhahabu kusini mwa Uswisi vilikuwa vimefungwa wiki chache kabla, ndege hazikuruka, na kila mtu alitaka sarafu. Bei ya karatasi ilikuwa karibu dola 1,700. Nilimpigia simu ndugu yangu aliyeko Uingereza anichukulie pauni kadhaa, na nikalipa asilimia 12 juu, kwa hofu. Machi iliyofuata nilihitaji fedha. Bei ya dunia ilikuwa pale pale, karibu dola 1,700. Nilipata asilimia 3 chini yake. Dhahabu haikushuka hata kidogo, lakini mimi nilipoteza zaidi ya asilimia 13 ya fedha zangu. Sikuwa nimenunua dhahabu peke yake, nilikuwa nimenunua na woga wa wakati ule.

Jambo hilo lilitokea mwaka 2008 vilevile, pale kiwanda cha Marekani kilipolazimika kusimamisha mauzo ya Eagle kwa muda kwa kuelemewa na wanunuzi. Kinyume chake hutokea pia. Bei ilipopaa mwaka 2025, Wamarekani wengi waliamua kuuza walichoweka, na nyongeza ya sarafu za kawaida ikawa ndogo. Ndiyo kusema bei ya dhahabu na nyongeza ni vitu viwili, na kila kimoja kina msimu wake. Anayetazama kimoja tu hununua gizani.

Swali la kumwuliza muuzaji, kwa hiyo, lina sehemu mbili: unaniuzia kwa kiasi gani, na nikikurudishia leo hii hii unanipa kiasi gani? Linganisha maduka mawili kwa bei yetu ya mfano. Duka A linauza kwa asilimia 5 juu, dola 4,200, na linanunua kwa asilimia 1 chini, dola 3,960. Duka B linauza kwa asilimia 3 tu, dola 4,120, lakini linanunua kwa asilimia 4 chini, dola 3,840. Watu hukimbilia B. Ukihesabu kwenda na kurudi, A inakugharimu dola 240 na B dola 280. Ili urudishe fedha zako dukani A, dhahabu lazima ipande asilimia 6. Dukani B lazima ipande asilimia 7.3. Muuzaji anayekataa kutaja bei ya kununulia amekwishakujibu.

Sisi tunaweka mpaka hivi. Kwa sarafu ya wakia moja, nyongeza ya kununua ukijumlisha na punguzo la kuuza visizidi asilimia 6. Kwa robo wakia na pauni, tuvumilie hadi 8 au 9, kwa sababu mtu wa kipato cha kawaida anahitaji kitu anachoweza kuuza kidogo kidogo. Sehemu ya kumi ya wakia tuwaachie wanaotafuta zawadi ya harusi. Sarafu kumi za namna hiyo kwa asilimia 15 ni dola 4,600, na ile moja kubwa yenye dhahabu ile ile ilikuwa 4,200.

Mpaka huo unategemea pia muda. Gharama ya asilimia 6 ikigawanywa kwa miaka minne ya mama yetu ni asilimia moja na nusu kwa mwaka, inabebeka kwa mtu anayeogopa mfumko wa bei. Akiuza baada ya miezi sita, imemla yote. Na dhahabu haizai riba. Wakati hati fungani za Serikali zinalipa kila nusu mwaka, sarafu imelala kimya sandukuni. Kwa maoni yetu sehemu ya ada ya mwaka wa kwanza isingeingia katika dhahabu kabisa.

Kwa wale watakaonunua hapa nchini, kuna nyongeza nyingine isiyoandikwa. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutangaza au kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo bei utaipewa kwa shilingi. Uliza imebadilishwa kwa kiwango gani cha dola, kisha linganisha na kiwango cha benki siku hiyo. Asilimia 2 hujificha hapo bila jasho. Sarafu zenye picha za wanyama au viongozi ni habari nyingine tena. Tanzania ilitoa sarafu ya dhahabu ya shilingi 1,500 yenye picha ya duma mwaka 1974, na Kenya ilitoa zake mwaka 1966 zenye picha ya Mzee Kenyatta. Hizo bei yake huamuliwa na wakusanyaji. Asiyewajua wakusanyaji hao asiziguse kama kitega uchumi.

Ushauri wetu kwa mama wa Mwanza ni huu. Aachane na Krugerrand ya duka la kwanza. Amwambie wa pili kwamba atalipa asilimia 4, wala asitoke nje ya 5, na aulize kama anazo Maple Leaf zilizokwisha kupita mikononi mwa watu, ambazo dhahabu yake ni ile ile. Akikataliwa, Dubai imejaa vipande vidogo vya karati 24 vya gramu 10 na 20 ambavyo nyongeza yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya sarafu, na vinauzika kimoja kimoja ada inapofika. Atunze risiti, na atangaze alichobeba forodhani. Lakini kabla ya safari aingie kwa masonara watatu wa Mwanza na kuwauliza bei gani wangempa leo kwa gramu ya karati 24 yenye chapa. Akizipata tarakimu hizo tungependa atuandikie. Tutazichapisha bila jina lake wala la masonara.