Bukavu: Kununua nyumba ya aliyekimbia bila sahihi yake si biashara, ni wizi

Wakaaji wa Bukavu wanazijua nyumba za wakati wa Wabelgiji, kule Nyawera na Muhumba. Zingine zimegawanywa: milango miwili, jamaa mbili chini ya paa moja. Tangu M23 ilipoingia mjini Februari 2025, watu wengi walihama. Sasa komisioneri anapita na karatasi mkononi: «Bei ni nzuri, lipa leo.»

Bei nzuri kwa nani? Jamaa moja ikiuza nyumba nzima, ile ya pili itarudi wapi? Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 iko wazi: udongo ni wa serikali, na haki ya mtu inathibitishwa na sertifika ya kuandikisha peke yake. Karatasi ya mtaa haitoshi. Lakini sheria hiyo hiyo inatoa miaka miwili tu ya kupinga sertifika. Kisha mlango unafungwa.

Basi mnunuzi aulize kwanza: jamaa ya pili iko wapi, na je, ilitia sahihi? Naye aliyehama atunze nakala za karatasi zake, amwombe jirani amjulishe akiona mtu anapima parsele. Anayenunua kimbio kimbio ananunua kesi.