Mbolea ya Kenya yategemea utando wa plastiki

MWAKA 2022 bei ya mfuko wa mbolea ya kupandia nchini Kenya ilipita Sh6,000 za huko, hadi serikali ilipoishusha kwa ruzuku kufikia Sh3,500. Mfanyabiashara wa Namanga au Sirari hahitaji kuelezwa maana ya tofauti hiyo, wala mkulima aliyerejea nyumbani na kuanza shamba upya.

Tatizo la Kenya ni kwamba mbolea yake ya naitrojeni huagizwa kutoka ng'ambo. Ndiyo maana Septemba 2023, jijini Nairobi, serikali ya Rais William Ruto ilizindua mkakati wa haidrojeni. Lengo ni kutumia umeme usiotokana na mafuta, ukiwamo wa mvuke wa ardhini, kutenganisha haidrojeni na maji, kisha kutengeneza amonia na hatimaye mbolea. Hatua ya kwanza ni tani 100,000 kwa mwaka ifikapo 2027.

Je, mbolea hiyo itakuwa nafuu? Jibu liko kwa sehemu kwenye kitu kidogo sana: utando wa plastiki ulio ndani ya aina moja ya mitambo ya kupasulia maji. Utando wa namna hiyo ndio pia unaotumika katika magari ya haidrojeni.

Kazi yake ni kupitisha protoni na kuzuia gesi zisichanganyike. Ukiwa mnene, umeme mwingi hupotea. Ukiwa mwembamba mno, haidrojeni huvuja na utando hutoboka mapema. Na umeme ndio gharama kubwa kuliko zote katika kazi hii.

Watafiti wanaunda utando mwembamba ulioimarishwa kwa nyuzi ndani yake, na mwingine usio na florini. Hilo la pili lina haraka, kwani mwaka 2023 nchi tano za Ulaya zilipendekeza kudhibiti kemikali za florini zisizooza, kundi ambalo utando unaotumika sana umo.

Hapo ndipo penye somo. Kenya inayo mvuke na maji, lakini utando hununuliwa nje. Ikikimbilia mitambo bila kuuliza utando utadumu miaka mingapi na nani atauza vipuri, itakuwa imeacha kuagiza mbolea na kuanza kuagiza plastiki.

Kwa walio mpakani, ahadi za majukwaani si za kupangia biashara. Waangalie bei ya mfuko utakaotoka kiwandani bila ruzuku.